Nani ni nani kwenye maabara ya hadubini: maswali tunayoulizwa kila mwaka

Kila mwaka masomo yanapoanza, mlango wetu unagongwa na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni mwanafunzi aliyeambiwa na msimamizi wake "nenda maabara ya hadubini, watakusaidia", bila kuambiwa amwone nani. Wa pili ni mzazi anayetaka kujua mwanawe akisomea mambo haya atakuja kufanya kazi gani. Wa tatu ni mpita njia mwenye kichupa mkononi. Majibu tunayowapa nimeyakusanya hapa. Mimi ni fundi sanifu wa maabara hii, iliyo chini ya idara ya biolojia ya chuo kikuu kimoja cha pwani ya Tanzania, na kazi hii nimeifanya miaka 14. Jibu likiwa la maabara nzima nimesema "sisi". Likiwa langu peke yangu, nimesema "mimi".

## Mambo ya mwanzo

1. Hiyo maabara ni ya nini hasa?

Ni vyumba vitatu ambamo watafiti wa biolojia hutazama vitu ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona: seli za mizizi ya muhogo, vimelea vya malaria ndani ya chembe nyekundu za damu, matumbo ya mbu, kuvu wa kwenye mahindi. Mtu anakuja na swali, kwa mfano kwa nini aina hii ya muhogo inaugua michirizi ya kahawia na ile ya shamba la jirani haiugui, nasi tunatafuta kama kuna sehemu ya jibu inayoweza kuonekana.

Wengine husema darubini. Tunaelewana, ila darubini ni ya kutazamia vya mbali.

2. Naweza kuleta damu au mkojo wangu mnipime?

Hapana, na tunasema hivyo kwa heshima yote. Vipimo vya kutibia mtu hufanywa na wataalamu wa maabara za afya, ambao hapa Tanzania wana baraza lao linalowasajili na kuwasimamia, na majibu yao hurudi kwa daktari anayekuhudumia. Sisi tuko kwenye utafiti. Hata tunapotazama vimelea vya malaria, damu ile imetolewa na watu walioelezwa na kuridhia, na imefika hapa na namba, bila jina. Mwenzetu akipata homa humu ndani, naye tunampeleka zahanati.

3. Kuna watu gani humo, na kila mmoja anafanya nini?

Anayejulikana zaidi ni mtafiti mkuu, ambaye wanafunzi humwita Prof hata kabla hajafikia uprofesa. Ndiye mwenye wazo kuu la utafiti, ndiye anayeandika maombi ya fedha, na ndiye atakayeulizwa fedha hizo zikipotea. Wageni hushangaa kusikia kwamba yeye ndiye anayekaa kwenye hadubini kwa saa chache kuliko wote. Muda wake mwingi unaishia kwenye ripoti, vikao na kusahihisha tasnifu za watu.

Chini yake wapo watafiti waliokwisha kupata uzamivu na wanafanya kazi kwa mikataba ya miaka miwili au mitatu. Hawa ndio mkono wa kulia wa maabara. Wanajua mbinu mpya, wanafundisha wadogo zao, na wanaishi na wasiwasi wa mkataba kuisha. Wanafuata wanafunzi wa uzamivu na wa uzamili, ambao ndio wengi, na ndio utakaowakuta usiku.

Kisha kuna msimamizi wa hadubini. Huyu hana mradi wake humu. Mradi wake ni mashine yenyewe na kila anayeitumia. Anapanga zamu, anafundisha, na anajua kukuambia kwamba swali lako halihitaji hadubini ya leza, linahitaji ile ya kawaida iliyo dirishani. Siku hizi kuna pia mchambuzi wa picha, mara nyingi kijana anayejua programu za kompyuta, ambaye anageuza picha elfu tano kuwa jedwali la namba. Na kuna sisi mafundi sanifu, ambao nimetueleza kwenye swali la 4.

Orodha za vyuo mara nyingi huishia hapo. Mimi siwezi kuishia hapo, kwa sababu sampuli hazijileti. Kuna kaka mmoja anayetoka alfajiri na ndoo na upawa kwenda kuteka viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi ya mashamba ya mpunga. Anajua dimbwi lipi lina wa Anopheles na lipi lina wa Culex kabla hatujatazama chochote, kwa jinsi wanavyolala juu ya maji: wa Anopheles, mbu waenezao malaria, hulala sambamba na uso wa maji, wa Culex huning'inia kichwa chini. Kuna mtunza stoo anayejua ni kemikali gani itaisha kabla ya meli kufika. Kuna mama wa usafi na kuna askari wa lindo, na hao wawili utawakuta tena kwenye swali la 11 na la 12.

4. Fundi sanifu ni msaidizi wa mwanafunzi?

Siyo. Swali hili linaulizwa kwa nia njema, na kwa sababu hiyo nalijibu kwa kirefu.

Fundi sanifu ndiye anayehakikisha kwamba kile unachokiona kwenye lenzi kiko kwenye sampuli yako, na hakikuletwa na uchafu, na joto la chumba au na rangi iliyochacha. Kila asubuhi kabla watu hawajaja napanga mwanga wa hadubini kwa utaratibu ambao August Köhler aliuchapisha mwaka 1893. Unafunga kiwambo cha mwanga hadi duara dogo, unalileta katikati, unalinoa, kisha unalifungua. Ni kazi ya dakika tatu. Isipofanyika, picha inatoka na upande mmoja mweusi, na mwanafunzi anadhani seli zake zimekufa.

Nilipokuwa mgeni kazini, slaidi zetu za malaria zilitoka mbaya kwa wiki mbili. Tunatumia rangi ya Giemsa, na kimelea kilichopakwa vizuri kinaonyesha nukta nyekundu ya kiini na utepe wa bluu pembeni yake. Zetu zilikuwa za waridi tupu. Tulibadilisha chupa ya rangi, tukabadilisha muda, tukalaumu damu. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakuzitazama kabisa zile slaidi. Alichukua kipimo cha pH akakizamisha kwenye maji tuliyokuwa tukichanganyia rangi. Maji yale yalichujwa vizuri, lakini chombo kilikuwa kimeachwa wazi siku nyingi, na maji safi yakikaa wazi hunyonya hewa ya ukaa na kugeuka tindikali. Giemsa inataka pH ya 7.2. Tukatengeneza upya bafa, yaani maji yenye pH isiyoyumba, na jioni ile nukta nyekundu zikarudi. Aliyeacha chombo wazi nilikuwa mimi.

Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma makala, na anayeumiliki hawezi kuitwa msaidizi wa mtu aliyefika jana.

5. Mnaweza kuviona virusi?

Kwa hadubini za mwanga tulizo nazo, hapana. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena nchini Ujerumani, alieleza kwamba mwanga una ukomo: vitu viwili vikikaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani nanomita 200 hivi, huonekana kama kimoja. Kirusi cha UKIMWI kina upana wa nanomita 120 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina maikromita 7 hadi 8, kwa hiyo hiyo tunaiona vizuri sana. Ukomo wa Abbe ulikuja kupatiwa njia za kuuzunguka, na Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2014 kwa kazi hiyo, lakini mashine za namna hiyo ni ghali na hatuna.

Virusi huonekana kwa hadubini ya elektroni, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll waliiunda Berlin mwaka 1931. Watu wanaofanya kazi kwenye maabara za aina hiyo wana ufundi wao wa pekee, na mimi huwastahi mno. Wanakata sampuli kwa kisu cha almasi hadi vipande vya nanomita 70, vinaelea juu ya maji, na wanavisogeza kwa ukope mmoja uliogundishwa kwenye kijiti. Feni ikiwashwa chumbani, kazi ya asubuhi nzima inapotea.

6. Kwa nini mnakaa gizani?

Rangi nyingi tunazotumia zinang'aa kwa unyonge zinapopigwa na mwanga wa leza, na taa ya dari inameza mng'ao huo. Pia rangi hizo hufifia zikikaa kwenye mwanga. Ukifungua mlango ghafla mtu akiwa kazini umemharibia. Piga hodi usubiri.

## Kuingia kwenye kazi hii

7. Mwanangu amemaliza kidato cha sita. Asome nini?

Waliosoma PCB au CBG wanaingia kwa urahisi kwenye shahada za biolojia, mikrobiolojia, bioteknolojia na nyinginezo za jirani. Ila nawaomba wazazi msiwazuie wale wa fizikia na wa kompyuta. Hadubini ni fizikia tupu, na siku hizi nusu ya kazi yetu inafanyika kwenye kompyuta.

Kwa anayependa kazi za mikono kuliko mihadhara, ipo njia ya stashahada ya sayansi na teknolojia ya maabara, ambayo DIT ya Dar es Salaam ni moja ya sehemu zinazoifundisha. Mimi nilipita njia ya stashahada, nikasoma shahada baadaye nikiwa kazini.

Na jambo moja ambalo halimo kwenye vyeti: mwangalie mwanao kama anaweza kukaa na kitu kimoja saa nne bila kuona uchovu wa roho. Wapo vijana wenye akili nyingi sana ambao kazi hii ingewatesa.

8. Lazima niwe na uzamivu?

Kuongoza utafiti, karibu kila mahali ndiyo. Kufanya kazi kwenye maabara na kuheshimika humo, hapana.

9. Mimi ni mwanafunzi mwenye mradi. Nimwone nani kwanza, na nije na nini?

Mwone msimamizi wa hadubini au fundi sanifu, na uje *kabla* hujatayarisha sampuli. Nimeliandika hilo kwa mkazo kwa sababu ndilo linalotuumiza kila mwaka. Mwanafunzi anafika na slaidi 60 alizozipaka rangi kwa wiki tatu, kwa fedha yake, na kioo cha kufunikia ni kinene mno. Lenzi zetu kubwa zimetengenezwa kwa kioo cha unene wa milimita 0.17, kinachouzwa kwa namba 1.5. Kikizidi hapo lenzi hainoi, na hatuna la kumfanyia zaidi ya kumwambia arudie. Mazungumzo ya robo saa yangemwokoa.

Njoo na swali lako likiwa limeandikwa kwa sentensi moja, barua ya msimamizi wako, na kama sampuli inatoka kwa binadamu, kibali cha maadili. Usiogope kwamba swali lako ni la kitoto. Sema tu "shikamoo" au "habari za kazi", kaa, tueleze unataka kuona nini.

10. Mafunzo ni ya muda gani, na mnawalipa wa kujitolea?

Hatuhesabu siku. Unatazama tukifanya, unafanya tukikutazama, kisha unafanya peke yako tukiwa chumba cha pili. Wengine vikao vitatu vinawatosha, wengine kumi, na hao wa kumi mara nyingi ndio wanaokuja kuwa waangalifu zaidi.

Wa mafunzo kwa vitendo hatuwalipi mshahara. Nauli na chakula cha mchana tunajitahidi pale mradi una fedha. Pasipo na fedha tunasema mapema, kwa sababu si haki kijana wa Mbagala ajue mwezi wa pili kwamba anajisafirisha mwenyewe.

## Kazi ya kila siku

11. Umeme ukikatika nani anafanya nini?

Mwenye hadubini anaokoa picha zake na kuzima leza kwa utaratibu wakati UPS, ile betri ya akiba, ingali inashikilia. Ana dakika kama kumi. Fundi sanifu anahakikisha jenereta imewaka na anakwenda moja kwa moja kwenye friza za nyuzi 80 chini ya sifuri. Hakuna anayefungua friza hizo "kuangalia kama ziko sawa". Friza iliyofungwa hutunza baridi yake kwa saa nyingi. Iliyofunguliwa inaipoteza kila mlango unapoachama.

Usiku ni habari nyingine. Usiku hayupo Profesa wala mimi. Aliyepo ni askari wa lindo, na kengele ya friza ikilia ni yeye anayesikia. Zamani hakuna aliyemweleza ile kengele ni ya nini, na usiku mmoja ililia hadi asubuhi. Tulipoteza kingamwili na sampuli za mtu za msimu mzima wa mvua, na msimu wa mvua haurudiwi hadi mwaka unaofuata. Tangu hapo kila askari mpya tunamkaribisha ndani, tunamfungulia friza, tunamwonyesha vichupa na kumweleza ni vya nani. Namba zetu ziko ukutani karibu na meza yake. Ameshatupigia mara tatu, na mara zote tatu tulifika kwa wakati.

12. Nani anaruhusiwa kusafisha lenzi?

Fundi sanifu na msimamizi wa hadubini. Wengine wote wanafuta mafuta ya lenzi kwa karatasi maalumu baada ya kazi, basi. Leso, shati na karatasi ya chooni vina nyuzi zinazochubua kioo.

Kosa la mara kwa mara ni kuzungusha lenzi baada ya kuweka mafuta. Lenzi inayokuza mara 100 inatumia mafuta. Ya 40 iliyo jirani yake kwa kawaida ni kavu, na ikipita kwenye tone lile inalowa. Picha inakuwa na ukungu, na aliyelowesha keshaondoka. Ukilowesha, sema (tazama swali la 13).

Huku pwani adui mwingine ni kuvu. Unyevu ukizidi, kuvu huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na akishaota asidi yake inakula kioo. Kwa hiyo tunaweka vifuko vya silika jeli na tunavikausha kwenye oveni vinapobadilika rangi. Mama wa usafi hagusi hadubini, na hilo tulikubaliana naye tangu mwanzo, ila yeye ndiye aliyegundua kwamba dari ya chumba cha pili inavuja. Alikuta tone moja sakafuni asubuhi na akaja kuniita kabla hajalipangusa, ili nione lilipodondokea. Lilikuwa futi moja kutoka kwenye kamera.

13. Nikiharibu kitu nitafukuzwa?

Hapana, ukisema. Andika kwenye daftari la hadubini, niite au niachie ujumbe, hata kama ni saa nne usiku. Lenzi iliyolowa mafuta leo naisafisha kwa dakika tano. Iliyokaushwa na mafuta mwezi mzima inaweza isipone. Anayeficha anamwibia mwenzake anayekuja kesho, na kwa hilo tumewahi kumfungia mtu zamu zake kwa muhula mzima.

14. Kemikali na leza zinadhuru? Na mjamzito je?

Fomalini, tunayotumia kukaza seli zisioze, inajulikana kusababisha saratani kwa mtu anayeivuta kwa muda mrefu, kwa hiyo inamiminwa ndani ya kabati la kunyonya hewa tu, na glovu juu. Rangi zinazoshika DNA nazo ni za kushikwa kwa glovu. Leza ziko ndani ya kasha lenye swichi ya usalama. Hatari inakuja mtu anapolifungua, na anayelifungua ni fundi wa kampuni peke yake.

Dada aliye mjamzito, au anayetarajia, hana haja ya kutangaza. Amwambie mtu mmoja anayemwamini kati yetu, na kazi za fomalini zitachukuliwa na mwingine bila maelezo kutolewa. Zipo kazi nyingi za picha na uchambuzi ambazo ataendelea nazo.

## Picha, majina na haki

15. Naruhusiwa kuongeza mwanga kwenye picha?

Kwa picha nzima, kwa kiasi kilekile kwenye picha zote unazolinganisha, na ukisema umefanya hivyo: ndiyo. Kupaka mwanga sehemu moja, kufuta doa, kuhamisha seli kutoka picha moja hadi nyingine: hapana, hata kama "matokeo hayabadiliki".

Vijana hudhani hakuna anayekagua. Jarida la Journal of Cell Biology lilianza mwaka 2002 kukagua picha za kila makala iliyokaribia kuchapishwa. Mwaka 2016 mwanamikrobiolojia Elisabeth Bik na wenzake wawili walichapisha matokeo ya kutazama makala 20,621 za majarida 40, asilimia 3.8 zilikuwa na picha zenye kasoro ya kurudiwa, na angalau nusu ya hizo zilionyesha dalili za kufanywa makusudi. Bik aliziona kwa macho yake. Hifadhi faili la awali kama lilivyotoka kwenye kamera, fanyia kazi nakala.

16. Ni nani anayeandikwa jina kwenye makala?

Miongozo ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo vyuo vingi hufuata, inataka mwandishi awe amechangia kwa uzito kwenye wazo, data au uchambuzi. Awe ameshiriki kuandika au kuhariri. Aidhinishe toleo la mwisho. Na awe tayari kuijibia kazi. Asiyefikia yote anatajwa kwenye shukrani. Mkubwa wa idara hawi mwandishi kwa ukubwa wake. Na fundi sanifu aliyebuni njia ya kupaka rangi ambayo makala nzima imesimama juu yake apewe nafasi ya kusoma na kuhariri rasimu, ili atimize hayo masharti mengine. Kumnyima rasimu kisha kusema "hakushiriki kuandika" ni dhuluma, na nimeiona ikitendeka.

Wanafunzi wakiniuliza kwa nini nalishikia bango jambo hili, huwasimulia habari ya Douglas Prasher. Protini ya kijani inayong'aa, GFP, ambayo leo maabara za dunia nzima hutumia kuona seli zikiwa hai, ilitoka kwa konyeza wa baharini. Osamu Shimomura aliitenga baada ya kuvua konyeza kwa maelfu huko Friday Harbor, Marekani, akisaidiwa na mkewe Akemi. Prasher, akiwa kwenye taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole, Marekani, ndiye aliyeipata jeni yake na kuichapisha mwaka 1992. Fedha za mradi wake zilikuwa zimekwisha. Akaituma jeni hiyo kwa Martin Chalfie na kwa Roger Tsien walioiomba, na mwaka 1994 Chalfie alipochapisha picha ya mnyoo wenye neva zinazong'aa, jina la Prasher lilikuwamo kati ya waandishi.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 2008 ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Tsien. Siku hizo Prasher alikuwa akiendesha gari la kubebea wateja wa muuza magari mjini Huntsville, Alabama. Chalfie na Tsien walimlipia yeye na mkewe safari ya Stockholm, wakamtaja hadharani, na baadaye alipata kazi kwenye maabara ya Tsien. Tuzo haigawiwi kwa zaidi ya watu watatu na hilo halikuwa mikononi mwao. Kumwandika na kumtaja kulikuwa mikononi mwao, wakafanya.

17. Nikilipia saa za hadubini, bado nitaje maabara?

Ndiyo. Malipo yanagharimia mafuta ya lenzi na matengenezo. Kuhusu watu, tazama swali la 16.

18. Nikihitimu, picha ni zangu?

Nakala ni zako. Za awali zinabaki chuoni pamoja na maelezo ya jinsi zilivyopigwa, kwa sababu msimamizi wako ndiye atakayeulizwa juu yake. Hutasainiwa fomu ya kuondoka hadi zikabidhiwe kwa fundi sanifu.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nina tatizo la macho. Naweza kufanya kazi hii?

Miwani si kikwazo: ama unaivua na kunoa kwa lenzi yenyewe, ama unatumia vipande vya macho vya wavaa miwani. Asiyetofautisha nyekundu na kijani, na wanaume wa namna hiyo si haba, anafanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu kamera zetu hupiga kwa rangi ya kijivu na rangi tunaziweka baadaye. Ni kwa ajili yake tunawataka *wote* watumie zambarau-nyekundu na kijani badala ya nyekundu na kijani. Anayetumia kiti cha magurudumu atuambie mapema tumshushie meza. Tuna moja inayoshuka.

20. Chuo chetu hakina hadubini kubwa. Tufanyeje?

Kwanza hakikisheni mnaihitaji. Maswali mengi ya mimea na vimelea hujibiwa na hadubini nzuri ya kawaida iliyotunzwa.

Kwa mnaotaka kujitengenezea, upo mradi wa OpenFlexure, hadubini inayochapishwa kwa plastiki na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Ilibuniwa Uingereza, na Taasisi ya Afya Ifakara ya hapa kwetu ilishiriki kuijaribu kwenye malaria. Na kwa mashine ambazo hazipo hapa nchini, Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha hadubini kilichoanzishwa kwa ajili ya kupokea watafiti wa Afrika. Sampuli zikivuka mpaka zinahitaji vibali na mkataba wa kuhamishia sampuli, na anayejua njia hiyo kwenye vyuo vingi ni karani mmoja wa ofisi ya utafiti. Mtafuteni miezi mingi mapema, na mwendeni kwa adabu.

21. Msimamizi wangu anasema hivi, fundi anasema vile. Nimsikilize nani?

Kuhusu swali la utafiti, msimamizi. Kuhusu mashine na usalama, fundi, hata mbele ya Profesa. Msiwe tarishi kati yetu. Tukutanishe, watu wazima wawili wakikaa mbele ya picha moja, mara nyingi wanamaliza kabla chai haijapoa.

22. Nataka kutumia picha za zamani, lakini aliyezipiga ameshaondoka au amefariki. Nimuulize nani?

Uliza daftari. Kila hadubini ina daftari lake la karatasi, na yote ya nyuma yako kwenye kabati la chuma chumba cha kwanza, yamepangwa kwa mwaka. Tafuta tarehe ya faili, utakuta lenzi iliyotumika, nguvu ya leza, aina ya rangi na jina la aliyekaa pale. Ukikuta pembeni maandishi ya wino wa kijani yenye joto la chumba na unyevu wa siku ile, huo ni mwandiko wa yule mzee wa kipimo cha pH. Aliandika hivyo kila siku hadi alipostaafu. Namba zake unaweza kuzitumia bila wasiwasi, na jina lake kamili liko kwenye jalada la kila daftari, kwa ajili ya ukurasa wako wa shukrani.